Kifaru Hakioti Mabawa

Ukungu wa Isongole, Rungwe, huja saa kumi jioni kutoka upande wa mlima Ngozi, ukakaa barabarani kama mwenye nyumba, na magari yanayopanda kutoka Kiwira yakalazimika kuwasha taa kabla jua halijazama. Jioni moja ya namna hiyo nilikuwa nimesimama na wapakiaji, Fuso imeegeshwa pembeni inajazwa viazi vya kwenda Dar es Salaam, kijana mmoja akanisogezea simu yake. "Shikamoo mzee. Hebu ona hii." Nikaona. Mlango wa nyuma wa ndege kubwa ya Kirusi unafunguka, gari la deraya linateleza nje kama gunia linaloshushwa kwenye ubao, linayumba kidogo, kisha miamvuli inachanua juu yake mmoja baada ya mwingine. Picha inakatwa. Gari liko chini, askari wanalifungua kamba, injini inanguruma, mzinga unageuka huku na huku. Yote hayo hayakuzidi dakika mbili.

"Hawa ndio wanajeshi," akasema. "Sisi bado tunatembea kwa miguu."

Kauli hiyo si ya kijana yule peke yake. Nimeisikia kwa watu wenye digrii zao, wengine wakiipamba kwa maneno makubwa ya mkakati na usasa. Imekaa vichwani mwa watu kama jambo lililokwisha kuamuliwa: kwamba vita vya leo vinashuka kutoka angani, kwamba askari wa mwamvuli asiye na gari lake la deraya ni chambo, na kwamba taifa linalotaka kuheshimiwa lianze na ndege kubwa na vifaru vya kudondosha. Mimi nakataa. Miaka tisini ya kujaribu kukipa kifaru mabawa ni ugomvi mmoja tu na uzani, na uzani umeshinda karibu kila mara. Na katika ukanda wetu huu, kila mara gari la deraya lilipokuja kwa ndege likafanya kazi yake, ndege ilitua kwanza.

Nianze na uzani, maana watu wa Isongole hawahitaji kufundishwa uzani. Kila mtu hapa anaijua lumbesa. Gunia linajaa, kisha linashonewa kilemba juu, viazi vinaongezwa mpaka mpakiaji anaguna anapoliweka begani. Wakala wa Vipimo wanasema gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi anataka kilemba chake. Lakini Fuso ni ileile, na breki ni zilezile kwenye mteremko wa kuelekea Uyole. Ukiongeza gunia, umepunguza breki. Dereva anajua, tingo anajua, na mabaki ya magari kwenye makorongo yanajua zaidi.

Ndege nayo haijui lumbesa. Hercules C-130 inabeba tani kama 19. Il-76 ya Warusi, ile ya kwenye simu ya kijana, tani arobaini na kitu. Kifaru cha T-55, cha aina waliyokuja nayo Walibya kumtetea Amin pale Lukaya, Uganda, mwaka 1979, kina tani 36. Ukitaka gari liingie ndegeni, tena matatu kwa safari moja, tena yakiwa na miamvuli na vitanda vya kuyapokea yakigonga ardhi, lazima upunguze kitu. Injini huwezi kuiondoa. Mzinga ndio ulioufuata. Kinachobaki ni ngozi. Ndiyo maana BMD-1, gari la kwanza la Warusi la kubeba askari wa miamvuli na kupigana nao, lililoingia jeshini mwaka 1969, lina tani saba tu na bamba la alumini. Risasi ya bunduki ya kawaida litaizuia. Bunduki kubwa ya rashasha ikilipiga ubavuni, linatoboka. Hicho kinachoitwa kifaru cha mwamvuli ni gari lililouza ngozi yake ili lipate nauli ya ndege.

Warusi wenyewe walilijua hilo, na hapa nawapa haki yao. Jenerali Vasily Margelov, aliyelijenga jeshi lao la miamvuli, alikabiliwa na tatizo lisiloonekana kwenye video: gari lilidondoka upande huu, askari wake wakaruka upande ule, na wakishatua wanaanza kulitafuta gizani, pengine kilometa kadhaa, na adui yuko katikati. Dawa yake ikawa kuwaweka watu ndani ya gari. Tarehe 5 Januari 1973, karibu na mji wa Tula, BMD-1 ilidondoshwa ikiwa na watu wawili ndani: Leonid Zuev na Aleksandr Margelov. Huyo wa pili ni mtoto wa jenerali mwenyewe. Walitua salama. Baba anayemfungia mwanawe ndani ya chuma kinachosukumwa nje ya ndege, huyo sina neno naye. Lakini tazama tulipofika: mtu amehatarisha mwanawe ili kupunguza kasoro moja ya mfumo, tena si ile kubwa.

Ile kubwa ilijitokeza Afghanistan. Desemba 1979 magari hayo yaliingia Kabul, na yaliingia kwa ndege zilizotua uwanjani, yakateremka kwa minyororo yake. Baada ya hapo vita vikawa vya barabarani, vya mabomu ya kutegwa ardhini, na sakafu ya alumini haikumkinga mtu. Miaka michache baadaye vikosi vya miamvuli vilivyokuwa kule vikapewa BMP-2 na BTR, magari ya askari wa kawaida wa nchi kavu. Wenye mali waliiweka mali yao kando wakaenda kupigana na ya jirani.

Ataniambia mtu kwamba hayo ni ya zamani, teknolojia imekua. Haijakua kiasi hicho; inazunguka. Katika miaka ya 1930 Mmarekani J. Walter Christie alikuwa akitangaza kifaru chenye mabawa, na Warusi walikuwa wakining'iniza vijifaru vya T-27 chini ya matumbo ya ndege za TB-3. Mwaka 1942 Oleg Antonov alikivika kifaru cha T-60 mabawa, kikavutwa angani kama tiara. Ili kiruke walikipunguzia silaha na mafuta. Hata hivyo ndege iliyokivuta ilichemka injini ikalazimika kukiachia. Rubani wake, Sergei Anokhin, akatua shambani, akayaacha mabawa, akakiendesha kifaru kurudi kambini. Hadithi tamu kweli. Mradi ukaishia hapo.

Waingereza walikwenda mbali zaidi, na kisa chao ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Walitengeneza Hamilcar, ndege kubwa ya mbao isiyo na injini, inayovutwa kwa kamba na kuachiwa karibu na mahali pa kutua. Jioni ya tarehe 6 Juni 1944 zilitua Normandy zikiwa na vifaru vya Tetrarch, tani saba na ushee kila kimoja. Kifaru kimoja kilikwisha kupenya pua ya ndege yake njiani, kikaishia baharini na ndege yenyewe. Vilivyofika vilikuta shamba limetapakaa miamvuli ya askari walioruka kabla yao. Nguo na kamba zikajisokota kwenye magurudumu ya minyororo, vifaru vingi vikakwama palepale, havijafyatua hata risasi moja. Hapa kwetu nimewahi kumwona mtu wa bajaji aliyezoa kamba ya katani ikajifunga kwenye ekseli. Alilala chini ya chombo chake na kisu karibu saa nzima, matope mpaka masikioni, watu wanampa ushauri. Mweke mtu huyo Normandy, umwongezee mizinga ya Wajerumani. Adui wa kwanza wa kifaru kile alikuwa nguo ya mwenzake.

Kifaru cha Locust cha Wamarekani, kilichobuniwa kwa kazi hiyohiyo, sitakipotezea muda: Waingereza walivusha vinane ng'ambo ya mto Rhine Machi 1945, nusu tu vikafika mahali pa kukutania.

Kisha Wamarekani wakaja na Sheridan, tani kama 15, na hiki ndicho watetezi wanachokishika kwa mikono miwili, kwa sababu kweli kilidondoshwa vitani. Tarehe 20 Desemba 1989, usiku, vifaru kumi vya Sheridan vilidondoshwa Panama. Viwili viliharibika katika kutua. Ndiyo mara pekee katika maisha yake yote kifaru hicho kilipoingia vitani kwa mwamvuli, na adui aliyekingojea hakuwa na kifaru hata kimoja. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa kimestaafishwa, na M8 iliyotarajiwa kukirithi ikafutwa kabla haijaingia kazini. Wakakaa zaidi ya miaka ishirini bila kitu. Walipokuja na M10 Booker, kilichopewa jina mwaka 2023 kwa ajili ya vikosi vyao vyepesi, kilikuwa kimenenepa kupita tani 38. Hakidondosheki. Kwenye kambi ya Fort Campbell ikaonekana kwamba madaraja manane kati ya kumi na moja yangeweza kupasuka kikipita juu yake. Juni 2025 jeshi lao likasitisha mradi. Taifa lenye ndege nyingi za mizigo kuliko taifa lolote duniani, na fedha zisizohesabika, limeshindwa kukikondesha kifaru. Nasi tunaambiwa tuanzie hapo.

Na Warusi, wenye magari ya BMD kwa mamia? Februari 2022 walivamia uwanja wa ndege wa Hostomel, nje ya Kyiv, kwa helikopta. Mpango ulikuwa ndege za Il-76 zitue nyuma yao na nguvu kubwa. Uwanja haukushikika kwa wakati, ndege hazikutua, na BMD zao zikaja kwa barabara kutoka Belarus, zimepangana kama magari ya harusi, mpaka nyingi zikateketea kwenye mtaa mmoja wa Bucha. Hakuna gari hata moja lililoshuka kwa mwamvuli katika vita ambavyo ndivyo hasa lilivyotengenezewa.

Sasa nije kwa hoja za wapinzani wangu zenye uzito, maana nisipozigusa wataniambia nimechagua visa vinavyonipendeza.

Nzito kuliko zote iko jirani, Jijiga. Mwanzoni mwa 1978 jeshi la Somalia lilikuwa limeshika njia za milimani katika Ogaden ya Ethiopia, na kulipitia usoni kungemaliza watu. Jenerali Vasily Petrov wa Urusi, aliyekuwa akiwaongoza Waethiopia na Wakuba, alitumia helikopta kubwa za Mi-6 kuvusha magari ya deraya, BMD-1 na ASU-57, juu ya milima, akayaweka nyuma ya Wasomali. Huku vikosi vingine vikizunguka kwa ardhi, Jijiga ikaangukia mikononi mwao tarehe 5 Machi. Kazi safi. Siipunguzi. Lakini angalia vizuri kilichotokea: helikopta zilitua, milango ikafunguka, magari yakatoka yakitembea. Hapakuwa na mwamvuli hata mmoja. Kilicholeta ushindi ni wepesi wa gari, umahiri wa rubani na kujua mlima unapitika wapi. Anayetumia Jijiga kutetea kudondosha anatumia ushahidi wa harusi kuthibitisha msiba.

Wanataja pia Bangui. Machi 2013 askari wa Afrika Kusini, wengi wao wa kikosi cha miamvuli, walipigana na waasi wa Seleka wakiwa kwenye magari ya wazi, bila deraya, na kumi na tatu wakafa pale. Ni kweli gari la deraya lingewaokoa baadhi yao. Ila uwanja wa ndege wa Bangui ulikuwa wazi na salama, Wafaransa wamekaa hapo na ndege zinatua kila siku. Kilichokosekana ni ndege ya kubeba gari, na uamuzi wa kulipeleka mapema. Mwamvuli ungesaidia nini?

Na Kitona. Hiki ni kisa ambacho watu wa Maziwa Makuu hawakisahau. Tarehe 4 Agosti 1998 James Kabarebe, kamanda wa Rwanda, aliteka ndege za abiria pale Goma, akapakia askari, akavuka Kongo yote mpaka Kitona karibu na Bahari ya Atlantiki. Ndani ya wiki chache walikuwa wameshika bwawa la Inga na kuizimia Kinshasa umeme. Kisha vifaru vya Angola vikaja kutoka Cabinda, Zimbabwe ikaingia, na msafara ule ukabaki hauna pa kurudi. Wapenzi wa vifaru vya angani husema: "Unaona? Wangekuwa na deraya!" Mimi naona mafuta. Naona risasi zinazoisha na hakuna barabara ya kuziletea nyingine. Vifaru kumi vya kudondoshwa vingewaongezea siku tatu za kupigana na matumbo kumi ya kunyweshwa dizeli.

Kuna kisa cha nne ambacho hawakitaji, nami nakitaja kwa sababu ni chetu, cha mji unaosema Kiswahili. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964 ndege za C-130 za Marekani ziliwadondosha askari wa Ubelgiji juu ya uwanja wa Stanleyville, Kisangani ya leo, kwenda kuokoa mateka walioshikwa na waasi wa Simba. Waliruka askari watupu. Walipotua kazi yao ya kwanza haikuwa kupiga risasi: waliondoa mapipa na magari yaliyotandazwa kwenye njia ya ndege. Mapipa yalipoondoka, ndege zikatua na jeep za deraya zikatoka. Wakati huo huo mateka walikuwa wametolewa hotelini na kukalishwa barabarani, na wengi waliuawa Wabelgiji wakiwa njiani kuja. Kila dakika ilikuwa na bei ya damu, na ukitafuta mahali ambapo gari lililoanguka pamoja na askari lingestahili nauli yake, ni hapo. Nalikubali hilo bila kona. Lakini gari linalodondoka hubidi kutafutwa, kufunguliwa kamba, kuondolewa kwenye kitanda chake na kuwashwa, na dakika hizo nazo zinahesabika. Kabla ya mchana msafara wa jeshi la Kongo ulioongozwa na Kanali Vandewalle, Mbelgiji, ulikuwa umeingia mjini kwa barabara.

Entebbe, Julai 1976, sina haja ya kurefusha. Waisraeli walitua. Walishusha Mercedes, Land Rover na magari machache ya deraya kwa mlango wa nyuma, wakapakia mateka, wakaondoka.

Tuje nyumbani. Amin aliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, akalipua daraja la Kyaka, akadhani mto utamtosha. JWTZ lilivuka kwa daraja la kuelea. Kutoka hapo ni Mutukula, Masaka, Lukaya, mpaka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Watu walitembea. Magari ya raia yalichukuliwa, malori na mabasi, na mgambo kutoka kila mkoa wakaingizwa jeshini. Pale Lukaya, ambako barabara inakatiza kwenye kinamasi, Walibya na Waganda walikuja na vifaru vizito wakatupiga usiku wa kwanza mpaka watu wakatawanyika. Nani aliyegeuza mambo? Brigedi iliyotumwa kuzunguka kwa miguu ikatokea ubavuni mwao kesho yake. Mjomba wangu mmoja alikuwa katika vita vile, ingawa si Lukaya, na tulipokuwa watoto tulimsumbua atusimulie mizinga. Alitusimulia soksi. Alisema aliyekuwa na soksi kavu alikuwa tajiri.

Walibya, kwa taarifa ya kijana wangu, ndio waliokuja kwa ndege.

Na mwaka 2008 tulipokwenda Komoro kumng'oa kiongozi muasi Mohamed Bacar kisiwani Nzwani, tarehe 25 Machi, askari wetu na wa Sudan, pamoja na Wakomoro wenyewe, walifika kwa boti. Mwaka 2013 Jenerali Mwakibolwa, ambaye jina lake tu linawafanya watu wa Rungwe watabasamu, aliongoza brigedi ya Umoja wa Mataifa pale Goma. Waasi wa M23 waliondolewa kwenye vilima vyao kwa mizinga, helikopta na askari wa Kikongo wanaopanda mlima. Hata Wachina, wenye gari lao la kudondosha linalofanana sana na BMD, walipokuja kwenye mazoezi ya pamoja mwaka 2024 magari yao yalishuka bandarini Dar es Salaam kutoka kwenye meli.

Hamu hii ya kuletewa vita kutoka mbinguni haikuanza na simu za vijana. Novemba 1917 Wajerumani walirusha puto kubwa la L59 kutoka Bulgaria, limebeba tani kama 15 za risasi, dawa na vifaa, limpelekee kamanda wao Lettow-Vorbeck aliyekuwa amebanwa kusini mwa Tanganyika. Lilifika Sudan, likaitwa lirudi. Lettow-Vorbeck hakuambulia hata kidonge. Aliuvuka Ruvuma kwa miguu, tarehe 25 Novemba akaiteka ngome ya Wareno pale Ngomano, akajipatia bunduki, risasi na chakula. Mwaka mmoja kabla yake, Mei 1916, Jenerali Northey wa Waingereza alipokuja kutoka Nyasaland kuiteka Tukuyu, enzi hizo ikiitwa Neu Langenburg, mizigo yake ilipanda milima hii juu ya vichwa vya wapagazi.

Wapinzani wangu wasidhani nachukia gari jepesi. Tanzania imewahi kununua vifaru vyepesi, Scorpion vya Waingereza, tani kama nane, na vile vya Kichina vya aina ya 62, na palikuwa na akili katika ununuzi huo. Katika nchi ya vinamasi, maziwa na madaraja ya mbao, wepesi ni nusu ya kufika. Scorpion ni kifaru cha alumini ambacho wabunifu wake walihakikisha kinaingia ndani ya C-130. Lakini wepesi wa daraja na wepesi wa mwamvuli ni vitu viwili. Wa kwanza unaulipia mara moja, dukani. Wa pili unaulipia kila siku ya maisha yake: ndege kubwa na marubani wanaoweza kuruka chini na taratibu kwa mstari mmoja, mafundi wa vitanda vya kudondoshea, uwanja wa mazoezi wa kilometa nyingi, na magari ya ziada ya kuvunjika, kwa sababu yatavunjika. Makomando wetu wanaoruka kwenye sherehe pale Uwanja wa Uhuru tunawapigia makofi, na wanastahili. Mtu mmoja na mwamvuli mmoja ni hesabu ndogo.

Nikamwambia kijana aitazame Isongole yenyewe. Tuko zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, mwamvuli unashika kidogo, na gari litagonga ardhi kwa nguvu inayozidi ile ya pwani kwa kama moja ya tano. Litagonga wapi? Kwenye matuta ya viazi, kwenye mteremko, kwenye mikaratusi, au ndani ya korongo ambalo hata mbuzi wetu tunamtoa kwa kamba. Rubani ataona nini katika ukungu huu? Na akitaka kweli kuleta gari la deraya Rungwe, uwanja wa ndege wa Songwe uko pale tangu 2012, na lami inakuja mpaka hapa uliposimama.

Hakukubali. Vijana hawakubali mbele ya wenzao, nami sikutegemea. Akarudisha video mwanzo, akaisimamisha pale miamvuli ilipochanua, akaitazama muda mrefu kidogo.

"Mzee, hii miamvuli baada ya kutua inakwenda wapi?"

Inakunjwa, nikamwambia. Mfumo wa zamani wa Warusi ulikuwa na miamvuli mitano kwa gari moja, kila mmoja una meta za mraba 760. Piga hesabu. Akapiga kwenye simu hiyohiyo: 3,800.

"Hiyo si karibu ekari?"

Karibu ekari nzima ya nguo, kwa gari moja. Akageuka kulitazama shamba lililo ng'ambo ya barabara, ambalo naamini alishawahi kulipalilia kwa kibarua.

"Na ikiloa?"

Inaanikwa kwanza mpaka ikauke. Ukiikunja mbichi inaoza, haifunguki.

"Kuanika?" akasema mpakiaji aliyekuwa juu ya Fuso, gunia begani. "Isongole?"

Wakacheka wote, hata tingo aliyekuwa amelala chini ya turubai.